Fungu la Dharura

Mwaka jana siku ya sikukuu tulikunywa chai isiyo na sukari huku tukitazama mapazia mapya. Yalikuwa mazuri kweli, yana maua ya njano, na Mama alisema hajawahi kuona madirisha yetu yamependeza hivyo. Baba aliangalia kikombe, akaangalia pazia, akaangalia kikombe tena. Nadhani ndiyo siku aliyokata shauri kwamba pesa ya sikukuu haitakaa tena kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, mahali ambapo kila mwenye mkono alikuwa anachota.

Baba ni mtunza stoo kwenye bohari la vifaa vya ujenzi. Huko kila rafu ina mtu wake. Mtu wa misumari hagusi rangi, mtu wa rangi hagusi mabomba, na mtu wa mabomba hata akiona ndoo ya rangi inamwagika, anasimama pembeni na kumwita mwenyewe. Baba anaupenda sana utaratibu huo. Anasema dunia ingepangwa rafu rafu, watu wasingegombana.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya kula mchana, alituita sebuleni. Tulikuwa watu watano: yeye, Mama, Bibi aliyemzaa Mama, Mjomba ambaye ni kinyozi hapo kona, na mimi. Wa sita, dada yangu, hakuwepo. Yeye ni mpishi kwenye kambi ya watu wanaojenga barabara. Barabara ikisonga mbele, kambi inahama nayo, kwa hiyo kila mwaka dada yangu anakuwa mbali zaidi na nauli yake inapanda, bila yeye kufanya kosa lolote. Pesa iliyokuwa mezani siku ile, sehemu kubwa aliituma yeye.

"Nimegundua kwa nini pesa inaisha," Baba alisema. "Inaisha kwa sababu anayeishika anakipenda kitu chenyewe. Mwaka huu kila fungu atapewa mtu asiyelipenda. Usichokipenda hukinunui hovyo."

Mjomba akamtazama. "Shemeji, jana ulilala vizuri?"

"Nililala vizuri kuliko wewe. Wageni utashika wewe."

"Mimi? Wageni?" Mjomba anaongea na vichwa vya watu kutwa nzima, na akirudi nyumbani hataki kusikia hata hodi.

"Ndiyo maana," Baba alisema.

Mama alipewa Nguo. Mama anapiga pasi kwa dobi mwenye wateja wengi, na kwake shati ni adui mwenye mikono. Bibi alipewa Usafiri. Bibi hajapanda gari tangu gari la mwisho alilopanda limtapishe mbele ya wakwe, na hadi leo hutikisa kichwa kwa huruma akiona watu kituoni. Chakula alikichukua Baba mwenyewe, kwa sababu ana presha na daktari alishamkataza chumvi, mafuta na kila kitu kinachonukia. Ukishapewa fungu, neno la mwisho ni lako. Hakuna wa kukuingilia, hata Baba.

Likabaki la Dharura. Wote wakanigeukia mimi.

"Huyu hasemi," Baba alisema kwa sauti ya mtu aliyeokota almasi. "Dharura apewe asiyesema."

Ni kweli sisemi. Si kwamba siwezi, ila maneno yakifika kooni yanakuta mlango umefungwa, yanarudi. Zamani dada yangu ndiye aliyekuwa ananisemea, dukani, zahanati, kila mahali. Tangu aondoke, nikitumwa sabuni narudi na nilichopewa. Kuna wiki tulikuwa na viberiti vya kutosha kuchoma mtaa mzima, kwa sababu muuza duka alisikia vibaya mara ya kwanza na mimi sikuthubutu kumsahihisha mara zote zilizofuata.

Fungu langu lilikuwa na sheria ya peke yake. Boharini kwa Baba, dharura hainong'onwi. Anayeitangaza anasimama uani, anaitangaza kwa sauti hadi aliye getini aisikie, kisha anasema ni dharura ya nini, naye aliye getini ndiye anayeikubali. Bila hivyo pesa haitoki. Baba aliifunga kwenye kitambaa cheupe, akanipa, akapangusa mikono kama mtu aliyekwisha kuzika pesa mahali salama.

Siku chache za mwanzo zilikuwa za raha. Watu waliacha kuitana kwa majina. "Nguo, njoo ule," Baba aliita. "Wageni amerudi kazini?" Bibi aliuliza. Mimi niliitwa Dharura asubuhi, mchana na jioni, mpaka mama muuza mkaa wa ng'ambo ya njia akaja kuuliza kwa wasiwasi nani anaumwa.

Kisha mafungu yakaanza kufanya kazi.

Baba alileta gunia la kabichi. Alilibeba mwenyewe begani, akalitua jikoni, akasema, "Chakula kimekamilika." Mama alilizunguka lile gunia kama anatafuta nyama imejificha upande wa pili.

"Na mafuta?"

"Kabichi inachemka kwa maji."

"Na chumvi?"

"Mama watoto, wewe ni Nguo."

Kesho yake Mama alirudi na mfuko wa vifungo. Vilikuwa vifungo tu, vikubwa kwa vidogo, vya rangi zote. Alisema nguo mpya ni kuongeza pasi duniani, na kwamba nguo zetu hazijachakaa, zimepungukiwa vifungo tu. Alivishona vyote. Shati la Baba la kutokea lilipata vifungo mpaka mgongoni, akawa akiegemea ukuta unasikika mlio kama wa mtu anayehesabu sarafu.

Mjomba yeye alinunua mnyororo na kufuli la geti, kubwa kama sufuria ya uji. Ufunguo aliuvaa shingoni. "Wageni nimewamaliza," alisema. Kuanzia hapo ukitaka kutoka ni lazima umwamshe, naye akiamka kwanza anauliza unarudi saa ngapi, maana ukichelewa utakuwa mgeni.

Bibi alikaa kimya muda mrefu kuliko wote. Tulidhani amesahau. Kumbe alikuwa anafikiri. Siku ya Jumatatu wakaja vijana wawili wa fundi seremala wamebeba kiti cha kuegemea, kile cha mtu mmoja, chenye mito minene na mahali pa kulaza mikono. Kikawekwa sebuleni katikati. Bibi akakikalia, akafumba macho.

"Mama," Mama akamuuliza, "hiki nini?"

"Usafiri."

"Usafiri vipi?"

"Watu wanasafiri kwa sababu hawajakaa vizuri," Bibi alisema bila kufumbua macho. "Mtu akikaa vizuri anataka kwenda wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nauli ya dada yangu ilikuwa ndani ya Usafiri. Mwaka huu amepewa ruhusa, ya kwanza baada ya muda mrefu, na alishatuambia kwamba baada ya sikukuu barabara inavuka mto. Wakishavuka, kurudi ni mpaka kazi iishe, na hakuna anayejua itaisha lini. Nilikitazama kile kiti. Nauli ya dada yangu ilikuwa imejazwa sufi, na Bibi alikuwa ameikalia.

Mama alijaribu kukirudisha. Seremala akasema kiti kimeshapata joto la mtu. Mama akamgeukia Baba. Baba alikuwa amejiinamia, naona hata yeye lilimchoma, lakini akasema, "Fungu ni lake. Mimi siwezi kutoka kwenye kabichi nikaingia kwenye usafiri. Tukianza hivyo, tutarudi kwenye kopo."

Sasa pesa iliyokuwa imebaki nyumba nzima ni ya kwangu, na kila mtu akaniona. Mama alinifuata nikiosha vyombo, akanishika bega. "Mwanangu, hebu sema tu. Sema sukari. Neno fupi hilo." Baba alinipitia karibu akajikohoza, "Chumvi kidogo haiwezi kumuua mtu, sivyo?" Mjomba, yeye aliamua njia ya mkato. Alijificha nyuma ya mlango wa choo akaruka nilipopita. Nilishtuka mpaka ndala zikanivuka, lakini sauti haikutoka.

"Mpwa wangu, hata wewe!" alisema kwa uchungu. "Mtu akishtuliwa anapiga kelele. Ndiyo kawaida."

"Samahani," nilinong'ona.

Jumanne nilijaribu. Nilisubiri ua ukiwa mtupu, nikasimama katikati, karibu na kamba ya nguo. Baba aliniona kupitia dirishani. Baba ni mtu wa haki, alitoka haraka akaenda kusimama getini, akategesha sikio kwa kiganja. Nikafungua mdomo.

"Dharura," nikasema.

Baba aligeuza sikio la pili. "Endelea, mwanangu."

"Dharura."

"Bado."

"Hata kuku hajashtuka," Mjomba alisema kutoka mlangoni. Ni kweli. Kuku wa jirani alikuwa karibu na mguu wangu, akaninyanyulia jicho moja kisha akaendelea kuparura. Nikarudi ndani nikiwa nimelowa jasho.

Jumatano jioni simu ya Mama ikalia. Alikuwa dada. Mama aliiweka mezani kwa sauti kubwa ili wote tusikie. Nyuma ya sauti yake zilisikika mashine na mtu akidai uji wake.

"Mama, nafasi kwenye basi imebaki moja," alisema. "Dereva anataka nauli iingie kabla jua halijazama, la sivyo anampa mwenzangu wa saruji. Mmeshatuma kwenye ile namba yake niliyowapa?"

Baba alimtazama Bibi.

"Usafiri?"

Bibi alipapasa mkono wa kiti. Kwa mara ya kwanza niliona hajaegemea. "Usafiri umekwisha," alisema polepole. "Mimi nilidhani huyu mtoto atakuwa amekaa vizuri huko."

"Mama? Mnanisikia?"

"Tunakusikia," Mama alisema.

"Haya," dada alisema. Alisubiri kidogo. "Haya, si neno. Kama haipo, haipo. Mdogo wangu yupo? Mwambieni nitampigia tukishavuka, kama kuna mtandao."

Nilitoka. Sikumbuki kufungua mlango. Nilisimama uani, nikatazama geti lenye mnyororo, nikatazama jua lililokuwa limeshagusa paa la jirani yetu, fundi baiskeli. Nilivuta pumzi ya tumboni. Maneno yakapanda, yakafika pale mlangoni pa siku zote, yakakuta umefungwa. Safari hii hayakurudi. Yakasukumana.

"DHARURAAA!"

Kuku aliruka ukuta. Kwa fundi baiskeli kitu cha chuma kikaanguka chini. Nikasikia sauti hiyo nikadhani ni ya mtu mwingine, nikageuka kumtafuta. Nikapiga tena, maana sikuwa na hakika, halafu tena, halafu nikawa siwezi kuacha.

"Moto!" mama muuza mkaa akapokea ng'ambo. "Moto kwa mtunza stoo!"

Watu walikuja mbio na ndoo. Geti limefungwa. Wakalitikisa, wakaita, kisha wakafanya kile ambacho mtu mwenye ndoo ya maji angefanya: wakaanza kurusha maji juu ya ukuta. Ya kwanza yalinipata mimi. Ya pili yalimpata Baba, aliyekuwa anakimbilia getini kwenye nafasi yake ya kusikilizia. Alisimama pale, maji yakichuruzika kwenye vifungo vyote, uso unang'aa kwa furaha.

"Nimesikia!" alipiga kelele. "Imesikika! Dharura ya nini?"

Wote walikuwa wameshatoka, isipokuwa Bibi. Nyuma ya Baba, Mama aliunda neno "sukari" kwa midomo. Mjomba alikuwa anaonyesha koo lake na kuinua chupa ya soda isiyokuwepo. Juu ya ukuta vilikuwa vimejipanga vichwa vya majirani, kila kimoja na ndoo yake, vinasubiri.

"DADA HANA NAULI!"

Baba alijipangusa macho.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hiyo si dharura. Hiyo ni Usafiri. Siwezi kutoa rangi kwenye rafu ya misumari."

"Kwani moto uko wapi?" fundi baiskeli aliuliza kutoka ukutani.

"Hakuna moto, ni bajeti," Mjomba akamjibu.

"Basi tushuke?"

"Ngojeni kwanza," mama muuza mkaa alisema. "Mtoto hajamaliza."

Sikuwa nimemaliza. Nilitaka kushusha sauti, kwa heshima ya Baba, lakini niliitafuta ya chini nikaikosa. Nikaendelea na hiyo hiyo.

"BABA, PESA NI ZA KWAKE! TUMEGAWANA MAFUNGU SOTE, YEYE HATUKUMPA HATA MOJA!"

Hili lilimgusa Baba pale anapoguswa. Kuna mtu hakuwa na rafu. Niliona anatafuta, macho yakihama kutoka kwa Nguo kwenda kwa Wageni kwenda mlangoni, ambako ndani Usafiri alikuwa bado kitini.

"Angepewa lipi?" akauliza. Hakuwa ananibishia, alikuwa anauliza kweli. "Sheria inasema apewe asichokipenda. Yeye hapendi nini?"

Mama alijibu kabla yangu. "Hapendi kukaa mbali."

"HILO ANALO!" nikasema. "AMELISHIKA PEKE YAKE MIAKA YOTE! HATA SIKU MOJA HAJALALAMIKA! LEO LIMEMZIDI, BABA, NA HIYO NDIYO DHARURA!"

Mtu mmoja ukutani alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Baba alitazama chini, kwenye dimbwi lililokuwa linakua kati ya viatu vyake. Alipoinua uso, hakuwa anatabasamu tena, lakini sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona rafu mahali ambapo siku zote alidhani ni ukuta.

"Toa," alisema.

Nilifungua kitambaa pale pale. Jua lilikuwa limebaki kipande. Mjomba akaanza kuvuta ufunguo, kamba ikakaza shingoni, akazunguka nayo kama mbuzi aliyejifunga mwenyewe. Sikumsubiri. Nilimrushia fundi baiskeli pesa juu ya ukuta, nikamtajia namba ya dereva, na yeye akakimbia nayo kwa wakala, huku mtaa mzima ukimfuata na ndoo.

Tulikaa sebuleni tukidondosha maji. Baba alikuwa amejifunga taulo. Mjomba bado alikuwa na kamba shingoni. Bibi alisimama, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumatatu, akanionyesha kiti. Nikakataa kwa kichwa. Akasema, "Kaa. Umelowa, na mimi nimekinai." Nikakaa. Mito ilikuwa laini kweli. Mama alitoka jikoni akatangaza kwamba sikukuu ni kabichi, na anayetaka kingine aseme, na Baba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anaweza kufumbia macho chumvi.

Simu ikalia. Mama akanipa mimi.

"DADA!"

"Nani mwenzangu?" alisema. "Nauli imeingia sasa hivi, dereva kanionyesha. Sijui mmefanyaje. Nipeni mdogo wangu, niongee naye."

"NI MIMI!"

Nikamsikia anasogea mbali na zile mashine.

"Wewe?"

"MIMI!"

Alicheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, halafu akapenga kamasi. "Haya sasa," alisema. "Mimi wiki nzima nilikuwa nafikiria nikifika nianze kukusemea. Sasa nitakuja kufanya nini huko?"

Nilishika simu kwa mikono yote miwili.

"KULA KABICHI! NJOO TU!"

"Punguza sauti, mtoto wewe," Bibi alisema, ameziba masikio. "Anakusikia."

Nilitaka kumtii. Lakini ilikuwa sauti mpya, na sikujua inapunguzwa wapi.